Kipimo cha Shanga

Siku fundi alipoamua kuacha vidonge vya presha, hakuficha. Alikata uzi mweusi, akaizungushia pakiti ya vidonge, akapiga fundo lake mwenyewe, lile ambalo hakuna mwingine pale nyumbani aliyeweza kulifungua bila mkasi. Kisha akaitia ndani ya droo ya cherehani.

"Ili nisijidanganye," alimwambia binti yake. "Nikimeza hivi na huku nakunywa yale maji, nitajuaje kipi kimenisaidia? Napima kimoja kwanza."

Binti alikuwa ameketi sakafuni akishona matundu ya vifungo kwenye mashati ya sare. Mtaani walimwita Kimya, na jina lilikuwa limemkaa hata mama yake akalizoea. Alitaka kusema kitu. Badala yake alirudia tundu alilokwisha kulishona.

Juu ya meza ya kukatia nguo palikuwa na jagi la kioo, na ndani yake kifuko cha wavu chenye shanga ndogo za kijivu, ukubwa wa mbegu za papai. Shanga za magnesiamu. Ukitazama kwa makini uliona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye shanga hadi juu. Mwuzaji wake, ambaye kila mtu alimwita Bwana Madini, alisema vipovu vile ndiyo nguvu yenyewe: maji yakilala na shanga yanakuwa mepesi, yanasafisha mishipa, yanatuliza presha. Kabla ya shanga alikuwa akiuza bangili za shaba. Kabla ya bangili, soli za viatu zenye sumaku.

Fundi hakuwa mtu wa kudanganywa hovyo. Mteja akileta kitambaa, aliloweka pembe yake na kuisugua kwenye leso nyeupe, aone kama rangi inatoka. Alichoma uzi na kunusa moshi wake, ajue kama ni pamba kweli au ni jina tu. Bwana Madini alipoleta plasta za nyayo, zile unazobandika ukilala na asubuhi unazikuta nyeusi, ati ni sumu iliyotoka mwilini, fundi alibandika moja mguuni na nyingine akaibandika kwenye kitambaa kibichi ndani ya bakuli. Asubuhi zote mbili zilikuwa nyeusi tititi.

"Basi kitambaa changu nacho kilikuwa mgonjwa," alisema, na waliokuwepo wakacheka hadi machozi. Bwana Madini mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo, mtu akitaka kununua dawa ya mizizi, pete ya kuondoa baridi yabisi au chumvi ya kulowekea miguu, alipita kwanza kwa fundi. Fundi akisema ni kizuri, kimekuwa kizuri. Ndiyo maana aliona haya kuzipima shanga nusunusu.

Lakini Kimya alikumbuka siku ya kuanguka. Ilikuwa kabla ya vidonge kuanza. Alitoka uani na nguo za kuanika, akamkuta mama yake ameinamia cherehani, shavu juu ya kitambaa, mkono mmoja unaning'inia kama si wake. Hospitalini walisema ana bahati sana, na kwamba akianguka tena anaweza asinyanyuke, au akanyanyuka upande mmoja tu. Kimya hakusahau neno hata moja la yale. Mama alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyezungumza naye bila kumhimiza aongee.

Haikupita wiki, fundi akaanza kushika shingo. Alikuwa akikanyaga pedali kidogo, anasimama, anafinya macho, anasogeza kitambaa karibu na uso.

"Mama," Kimya alisema, "kichwa kinauma?"

"Kitatulia. Mwili unazoea."

"Meza tu, mama. Kimoja."

Fundi alimgeukia. Hakuwa na hasira. "Mwanangu, maisha yangu yote nawavalisha watu, napima watu, narekebisha watu. Jambo moja tu nataka kujua kuhusu mwili wangu. Ukinipenda, niache nipime."

Kimya aliinamisha kichwa. Mchana huohuo alichukua kadi ya mama yake, akaenda duka la dawa kama alivyokuwa akitumwa siku zote, akapewa pakiti nyingine bila kuulizwa. Aliificha ndani ya mfuko wa vifungo vilivyovunjika. Asubuhi, fundi akiwa anaoga, alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga kwenye uji, akaongeza sukari.

"Uji wako leo mtamu," fundi alisema.

Kimya aligeuka kuosha sufuria.

*

Shingo ilipoa. Macho yakaona vizuri. Fundi akaenda kupimwa kwa dada wa duka la dawa, na hakumwambia kuwa ameacha vidonge, asije akampima kwa hasira. Namba zilikuwa nzuri. Akaenda tena baada ya muda, zikawa nzuri vilevile.

Ungemwona fundi siku zile. Alianza kuimba akiwa kwenye cherehani, na hakuwa na sauti, jambo alilolijua mwenyewe. Alichukua kazi ya mapazia ambayo mwanzo aliikataa kwa sababu ya uzito. Alitembea hadi sokoni na kurudi bila kupumzika. Kilichomfurahisha zaidi haikuwa nguvu. Ilikuwa ni kutokuwa mgonjwa. "Mwili wangu umekubali," alimwambia kila mtu. "Nilidhani umenisusa, kumbe ulikuwa na kiu tu."

Kimya alisikia hayo akiwa na sindano mdomoni. Alifurahi, lakini hakumtazama mama yake usoni.

Kisha Bwana Madini akaanza kuleta watu. Walijaa sebuleni, wengine juu ya marobota ya vitambaa, na fundi akasimama mbele yao na jagi lake.

"Mimi sisemi mtu aache dawa zake," Bwana Madini alianza, kama alivyoanza siku zote. "Mimi nasema sikilizeni ya mtu aliyepima."

Na fundi akaeleza, hatua kwa hatua, hakutia chumvi. Akafungua droo, akainua pakiti. "Uzi huu hapa. Fundo langu hili hapa. Sijameza hata kimoja."

Watu wakaipokezana pakiti kama wanaokagua ushahidi. Kimya alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na trei ya chai. Hakuweza kutoka. Ikabidi mama yake aje kuichukua.

"Una nini wewe?" fundi alinong'ona. "Watakula mtu?"

*

Mama mdogo, ndugu pekee wa fundi, alikuwa mtu wa kiwanda cha mikate. Alifanya kazi kwenye tanuri, na alikuja kila mara na unga kwenye nyusi na maneno mengi. Tangu usichana wake alikuwa na kifafa. Vidonge vyake vilikuwa vimekituliza muda mrefu, hata yeye mwenyewe alikizungumzia kama jirani mbaya aliyehama.

Siku hiyo alikuja na chupa yake ya maji. Shanga zilikuwa zikicheza chini.

"Nani huyo kaketi kama kifurushi kisichodaiwa?" alimtania Kimya, akimvuta shavu. Kisha akamgeukia dada yake. "Dada, na mimi nimefunga uzi. Ila fundo langu halina ufundi, nimelipiga mara tatu."

"Umefunga uzi gani?" fundi aliuliza, huku akipitisha kitambaa.

"Wa vidonge vyangu. Kama wewe. Jumatatu nzima sijameza, na jana, na leo."

Fundi aliinua macho. Kwa muda mfupi Kimya alidhani mama yake angemkataza. Lakini fundi alisema tu, polepole, "Basi uwe mwangalifu kwenye tanuri," na cherehani ikaendelea.

Kimya aliondoka kwa mlango wa nyuma. Alikwenda duka la dawa kwa miguu ya haraka kuliko alivyowahi kutembea, akafika, akasimama mbele ya kaunta, na maneno hayakutoka. Wateja walikuja wakanunua wakaondoka. Dada wa duka la dawa aliendelea kupanga makopo, akamwachia nafasi. Mwishowe Kimya aliyasema yote akiwa ameitazama mizani ya kupimia watoto.

Dada yule aliacha makopo. "Mama mdogo wako arudi kwenye vidonge leo hii. Vidonge vya kifafa ukiviacha ghafla, kifafa kinarudi na hasira. Mama yako naye mwambie. Usipomwambia, siku utakapougua wewe, uji utapikwa na nani?"

"Atakataa kumeza."

"Labda. Na bahati yako vidonge vyake vinasagika. Kuna vingine ukivisaga unamwumiza mtu."

"Na shanga?" Kimya aliuliza. "Shanga hazifanyi kitu?"

"Sijui mtu aliyezipima sawasawa. Kupima ni kuwapa watu hawa na kuwanyima wale, halafu kuwatazama wote. Ninachojua ni kwamba mtu wa presha mara nyingi figo zake zimechoka, na figo zikichoka madini hayo si ya kuchezea." Alifuta kaunta iliyokuwa safi tayari. "Mama yako ana akili ya kupima. Wewe ndiye uliyemchanganyia."

*

Alipofika nyumbani wote wawili walikuwa bado sebuleni. Kimya alisimama mlangoni.

"Mama, nimekuwa nikikutilia vidonge kwenye uji."

Cherehani iliendelea kulia. Mama mdogo aliendelea kusimulia habari za msimamizi wao na kofia yake. Kimya alikuwa amesema kwa sauti ndogo mno, hakuna aliyesikia. Ikambidi aanze tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Mama. Vidonge vya presha. Navisaga. Nakutilia kwenye uji kila asubuhi."

Fundi aliweka kiganja juu ya gurudumu na cherehani ikanyamaza. Mama mdogo alicheka kidogo, kama mtu anayengoja wenzake nao wacheke, kisha akaacha.

Fundi hakupiga kelele. Alivuta droo, akatoa pakiti, akalitazama fundo kwenye mwanga wa dirisha.

"Fundo langu lipo."

"Nachukua vingine dukani. Kwa kadi yako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kushika shingo."

Fundi alirudisha pakiti, akafunga droo taratibu. "Nilikuambia nini siku ile?"

"Nikuache upime."

"Nimesimama mbele ya watu," fundi alisema. "Nimewaonyesha uzi. Nimesema uongo mchana kweupe na mimi mwenyewe sijui. Mtoto wangu wa kumzaa amenifanya kikaragosi."

"Uliniogopesha, mama."

"Kwa hiyo dada," mama mdogo aliingia, "shanga si kitu?"

"Sijui. Ndiyo maana yake. Sijui. Kipimo kimeharibika, inabidi nianze upya, wiki nzima bila vidonge."

Kimya alipiga magoti pale mlangoni, juu ya vipande vya vitambaa. "Usianze, mama. Nakuomba. Nipige, nifukuze, lakini meza."

"Na kuanzia leo," fundi alisema, "usiguse sufuria yangu."

Kimya alimgeukia mama mdogo, akamshika gauni. "Wewe basi. Usisubiri. Dada wa duka la dawa amesema leo hii."

Mama mdogo alimpapasa kichwani. Mkono wake ulinukia hamira. "Mimi mbona mzima? Sijaanguka tangu niache. Acha nimsubiri dada. Akishuka presha kweli bila vidonge, naendelea. Akipanda, narudi. Huyu ndiye anayejua kupima, siyo mimi."

*

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na majiko mawili. Fundi alipika uji wake kwenye jiko dogo chumbani, mlango umefungwa, na alikula ameupa ukuta uso. Hakumtukana Kimya. Alimwambia "lete uzi", "pindo hili rudia", maneno ya kazi tu. Kimya aliyatamani hata matusi.

Usingizi ulimkimbia. Alimtazama mama yake kila alipoinuka, kila alipoinama, kila alipopeleka mkono shingoni. Kilichomtesa kuliko vyote ni kwamba hakujua aombe nini. Presha isipopanda, mama mdogo angebaki mbele ya tanuri bila kidonge. Ikipanda, ingempandia mama. Aliomba ipande kidogo tu. Kisha aliogopa ombi lake, akaomba lisisikike.

Ilipanda, na si kidogo. Dada wa duka la dawa alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto.

"Mama, hii si ya kurudi nayo nyumbani. Nenda hospitali sasa hivi."

"Mashine yako ilikuwa nzima mwezi uliopita?"

"Nzima. Ndiyo hiihii."

Fundi aliteremsha mkono wa gauni lake na kuufunga kifungo. Alishukuru, akarudi nyumbani. Kimya alimfuata nyuma, mikono ameitanguliza kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana, awe tayari kumdaka.

Bwana Madini alikuwa akiwangoja barazani. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa upole.

"Hiyo si presha, mama yangu. Hiyo ni sumu inatoka. Lazima ipande kwanza ndiyo ishuke."

Fundi aliketi. Alipumua kama aliyepanda ngazi. "Hebu nieleweshe. Ilipokuwa chini ulisema shanga zinafanya kazi."

"Ndiyo."

"Sasa iko juu, unasema zinafanya kazi."

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie, zikishindwa kazi nitaona nini?"

Bwana Madini alitazama mkoba wake. Akatazama barabara. "Mimi mwenyewe nakunywa, mama yangu," alisema hatimaye. "Mke wangu anakunywa. Siwezi kukuuzia kitu ambacho mke wangu hanywi." Na hilo lilikuwa kweli, ilionekana usoni mwake. Aliondoka bila kuaga vizuri.

"Umeona, mama," Kimya alisema. "Umeona mwenyewe. Meza sasa."

"Nilisema nitamaliza wiki. Mara ya kwanza nimekatizwa. Sikatizwi tena."

"Mama, umeshajua jibu."

"Wewe ndiye usiyejua," fundi alisema, na sauti yake ilikwaruza. "Nikimeza leo, nimemeza kwa sababu yako. Niachie hata kipimo hicho."

*

Mama mdogo alianguka asubuhi iliyofuata, kazini, na trei ya moto mikononi. Walipofika wodini alikuwa amefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi vidole, na shavu moja liling'aa kwa dawa ya mafuta. Ulimi wake ulikuwa umevimba alipouuma.

"Nimeiva upande mmoja, dada," alisema kwa taabu. "Wenzangu walitaka kunigeuza."

Fundi alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. Aliketi ukingoni mwa kitanda akatafuta mahali pa kumshika ndugu yake, asipapate, akamshika kisigino juu ya shuka.

"Jana mashine ilisema nimepanda," alisema. "Jana hiyohiyo nilijua. Nilikuwa nakuja kukuambia wiki ikiisha."

"Nilikuwa nakusubiri."

"Najua."

"Wewe ndiye unayejua kupima," mama mdogo alisema tena, bila lawama, kama mtu anayeeleza kilichotokea. Nesi alikuja na vidonge vyake kwenye kikombe kidogo, na alivimeza huku machozi yakimtoka kwa maumivu ya ulimi.

Kimya alikuwa amesimama kando ya dirisha. Alijua kama angesema mapema, siku ya kwanza watu walipokaa juu ya marobota, mkono ule ungekuwa mzima. Alijua pia kama asingesaga kile kidonge cha kwanza, huenda angekuwa amesimama kando ya kitanda kingine. Alijaribu kuchagua lipi angefanya, na hakuna lililomkubali.

Walirudi nyumbani. Fundi hakuvua hata viatu. Alivuta droo, akachukua mkasi, akakata uzi. Kisha akaenda na pakiti chumbani, akashusha pazia.

Wiki hiyo alizunguka kwa wale aliowaonyesha pakiti, nyumba kwa nyumba, akishikilia ukuta mahali penye ngazi. Aliwaambia kipimo chake kilikuwa kibovu na mwenye vidonge avirudie. Hakueleza kilikuwa kibovu vipi, na hakumtaja binti yake. Wengine walimsikia. Wengine walisema duka la dawa limempa kitu kidogo, wakaendelea na majagi yao.

Sufuria mbili zimebaki mbili. Kila asubuhi Kimya anakaa sakafuni na mashati yake, na nyuma ya pazia anasikia karatasi ya pakiti ikipasuka, halafu maji yakimiminwa kwenye glasi. Kinachofuata hakisikiki. Namba za presha Kimya hazijui, kwa kuwa fundi anakwenda kupimwa peke yake, na akirudi hasemi. Siku moja fundi alikwenda kumwona mgonjwa, na Kimya akajikuta ndani ya chumba kile, mkono uko kwenye pembe ya godoro, tayari kuliinua aone kama kuna vidonge vilivyotemwa. Aliutazama mkono wake. Akautoa, akalainisha shuka, akatoka.

Leo pazia limefunguliwa na fundi ametoka, mdomo umelowa maji.

"Umemeza, mama?"

Fundi anaketi kwenye cherehani. Anapeleka mkono shingoni, labda kuweka sawa ukosi, labda si hivyo. Anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, anakosa, anarudia, unapita.

"Lete mashati," anasema.

Kimya anamletea.